Kaskazini ya mbali: kinachowaumiza vijana, na kinachowashika wasizame

Mjomba wangu aliona taarifa fupi ya habari kuhusu kijiji kimoja cha kaskazini mwa Kanada, akaniuliza swali ambalo nimelisikia kwa watu wengi wenye nia njema: "Hivi watoto hawa wana nini? Nchi tajiri, matibabu bure, vita hawana. Mbona wanajiua?" Kabla sijafungua mdomo, jirani aliyekaa naye akajibu: ni baridi ile, na giza la miezi miwili mfululizo, nani angeweza? Wakaafikiana, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mafuta.

Jibu la giza linavutia. Halimlaumu mtu wala halimdai mtu kitu, maana hali ya hewa ni ya Mungu. Ila si la kweli. Na kwa vile mambo haya huzungumzwa yakiwa yamechanganyika, naomba tuyafumbue taratibu, tukianza na maneno yenyewe.

Wenyeji asilia wa Kanada ni watu waliokuwa kwenye ardhi ile kabla Wazungu hawajafika. Wanatambuliwa katika makundi matatu: Mataifa ya Kwanza, ambayo ndani yake mna watu wengi tofauti kama Wacree; Wametis, wenye asili ya wenyeji na Wazungu; na Wainuit, watu wa Aktiki, yaani kaskazini kabisa ya dunia. Hao wa mwisho ndio nitakaowazungumzia zaidi. Ni kama 70,000 tu, na wengi wao wanaishi katika nchi yao ya asili wanayoiita Inuit Nunangat, yenye sehemu nne. Kubwa kuliko zote ni Nunavut, jimbo lililoundwa tarehe 1 Aprili 1999. Nunavut ina makazi 25, na hakuna barabara inayotoka moja kwenda jingine. Unakwenda kwa ndege. Mizigo mizito husubiri meli za kiangazi, barafu ikishayeyuka.

Afya ya akili ni neno ambalo kwetu limebebeshwa mzigo wa "kichaa". Ukisema fulani ana shida ya afya ya akili, watu wanamwona anaokota makopo barabarani. Lakini afya ya akili kila mtu anayo, kama afya ya mwili: leo nzuri, kesho mafua, mwaka mwingine ugonjwa wa kulazwa. Sonona (depression) ni ugonjwa. Huzuni ya msiba si ugonjwa, ingawa ikikaa muda mrefu bila wa kuibeba pamoja nawe inaweza kukufikisha huko.

Neno la tatu, ustahimilivu, ndilo linalopotosha kuliko yote. Tukilisikia tunafikiria kukaza roho: mwanamume halii, piga moyo konde, wenzako walipitia makubwa zaidi. Kwa maana hiyo kijana aliyeshindwa ni kijana dhaifu. Mimi nalitazama kwa mfano wa ngalawa. Ngalawa haipinduki baharini, na sababu si ugumu wa gogo lake. Ni zile mbao mbili za ubavuni zinazoelea, huku na huku, zinazoishika bahari ikichafuka. Zikate zote mbili, kisha uisukume kwenye maji yenye mawimbi ya kawaida tu. Itakapopinduka, utasema gogo lilikuwa bovu?

Mwaka 2016 shirika la kitaifa la Wainuit, Inuit Tapiriit Kanatami, lilitoa mkakati wake wa kuzuia vifo vya kujiua. Lilieleza kwamba katika sehemu zile nne viwango vilikuwa kati ya mara 5 na mara 25 ya kiwango cha Kanada nzima, na waliokuwa hatarini zaidi walikuwa vijana. Mwaka mmoja kabla ya hapo serikali ya Nunavut ilikuwa imetangaza kwamba jambo hili ni janga. Na Aprili 2016, huko Attawapiskat, kijiji cha Wacree kaskazini mwa Ontario chenye watu wapatao 2,000, viongozi walitangaza hali ya dharura baada ya watu 11 kujaribu kujiua kwa siku moja. Habari hiyo ilizunguka dunia.

Lakini mkakati ule unasema jambo jingine ambalo halikuzunguka. Kabla ya miaka ya 1970, kujiua kwa vijana wa Kiinuit lilikuwa jambo la nadra.

Tulia hapo kidogo. Giza la Aktiki halikuanza mwaka 1970, wala baridi. Wainuit waliishi nalo tangu enzi na enzi, wakawinda, wakazaa, wakatunga nyimbo, wakachekeshana ndani ya nyumba za theluji kwa mwanga wa taa ya mafuta ya sili, mnyama wa baharini. Na huko Greenland, wanakoishi Wainuit wenzao, watafiti waliohesabu vifo hivi mwezi kwa mwezi walikuta vinaongezeka katika miezi ya jua, wakati ambapo usiku haupo. Kwa hiyo jirani wa mjomba alikosea mara mbili.

Basi kilibadilika nini? Wainuit walikuwa wakiishi katika makambi madogo ya familia, wakihama kwa majira kufuata sili, samaki na karibuu, kulungu wa kule kwenye baridi. Kati ya miaka ya 1950 na 1970 walihamishiwa kwenye vijiji vya kudumu, wengine kwa kushawishiwa na wengine bila hiari. Mwaka 1953, na tena 1955, serikali ilichukua familia kutoka Inukjuak, kaskazini mwa Quebec, na kuzipeleka kiasi cha kilomita 2,000 kaskazini zaidi, mahali panapoitwa Grise Fiord na Resolute. Waliambiwa wasipopapenda watarudishwa baada ya miaka 2. Hawakurudishwa. Serikali iliomba radhi mwaka 2010.

Wakati huohuo kifua kikuu kilikuwa kinawamaliza. Meli iliyoitwa C.D. Howe ilipita vijijini ikiwa na madaktari na mashine ya picha za kifua. Aliyekutwa na ugonjwa mara nyingi hakuruhusiwa hata kushuka kuaga watoto. Kufikia mwaka 1956, takriban Mwinuit mmoja kati ya saba alikuwa amelazwa katika hospitali za kusini. Kuna waliofia huko, na familia zao zikakaa miongo mingi bila kuonyeshwa kaburi. Serikali iliomba radhi Machi 2019.

Mbwa wa kuvuta sleji, magari ya kuteleza juu ya theluji, nao waliuawa kwa wingi, mara nyingi kwa risasi za polisi, kwa maelezo kwamba ni hatari kijijini. Kwa anayesoma hili akiwa mjini, mbwa ni mbwa. Fikiria badala yake mfugaji aliyeamka na kukuta ng'ombe wake wote wamepigwa risasi, au mvuvi aliyechomewa chombo. Mwindaji asiye na mbwa hafiki kwenye mawindo. Anabaki kijijini kusubiri msaada, mbele ya macho ya wanawe.

Hata majina yaliguswa. Kwa Wainuit mtoto hupewa jina la mtu aliyefariki, na pamoja na jina hurithi undugu. Bibi anaweza kumwita mjukuu wa miaka 3 "mume wangu", kwa sababu amebeba jina la babu yake. Msomaji wa Kiafrika hahitaji kufafanuliwa sana hapa. Wangapi kati yetu tuliitwa "baba" na mama zetu tukiwa bado tunatambaa? Mtoto wa namna hiyo anajua tangu mwanzo kwamba kuna mtu aliyemsubiri. Sasa, kuanzia miaka ya 1940 serikali, kwa kuwa majina hayo yaliwasumbua makarani wake, ilimpa kila Mwinuit kibamba chenye namba cha kuvaa shingoni. Kwa miaka kama 30 mtu alitambuliwa serikalini kwa namba hiyo.

Na juu ya yote, shule za bweni. Kanada nzima, watoto wapatao 150,000 wa wenyeji asilia walipitia shule hizo, zilizoendeshwa na serikali na makanisa, ambako kuzungumza lugha ya mama kuliadhibiwa na wengi walidhalilishwa kwa namna zote. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilisikiliza ushahidi wao, na mwaka 2015 ikatoa miito 94 ya kuchukua hatua. Watu husema "hayo ni ya zamani, wasonge mbele". Za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Waliosomeshwa humo ni mama, baba na bibi za vijana wa leo.

Maumivu hupitaje kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu ambaye hakuwahi kuiona shule hiyo? Hakuna uchawi. Chukua binti aliyeondolewa nyumbani akiwa na miaka 6 na kurudi akiwa na 16. Miaka yote hiyo hakumwona mama yake akimbembeleza mtoto anayelia, wala baba yake akikosea na kuomba radhi. Alichokiona ni fimbo na kengele. Anarudi kijijini hawezi kuzungumza na bibi yake mzaa mama, kwa sababu lugha imemtoka. Miaka michache baadaye naye anajifungua. Malezi hujifunzwa kwa kulelewa, na yeye alinyimwa somo hilo. Kiinuktitut, lugha ya Wainuit, kina neno inunnguiniq, kazi ya kumfanya mtoto awe mtu kamili, na kazi hiyo ilifanywa na ukoo mzima, kwa upole mwingi, pasipo kumfokea mtoto. Shule ilikata uzi katikati. Baadhi ya waliorudi walijituliza kwa pombe. Wengi zaidi walinyamaza tu, na ukimya wa mzazi mtoto huusoma apendavyo. Mara nyingi husoma kwamba kosa ni lake.

Kizazi cha kwanza kukulia kwenye vijiji vile kilifikia ujana miaka ya 1970 na 1980. Ndipo takwimu zilipoanza kupanda.

Kuna ya leo pia, na mjomba angepaswa kuyajua kabla ya kusema "nchi tajiri". Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wainuit wa Inuit Nunangat wanaishi katika nyumba zilizojaa kupita kiasi. Nje ni nyuzi 30 chini ya sifuri. Kijana akigombana na kaka yake hana uani pa kwenda kupoa. Chakula cha dukani kimeletwa kwa ndege na bei yake inatisha. Mtaalamu wa afya ya akili naye anakuja kwa ndege, anakaa siku chache na kuondoka, na safari ijayo anakuja mwingine, kwa hiyo kijana anaombwa afungue kidonda kilekile mbele ya mgeni mpya. Shuleni anaanza kwa Kiinuktitut, na baada ya madarasa ya mwanzo Kiingereza kinashika usukani. Mtanzania aliyewahi kuketi Kidato cha Kwanza wiki ya kwanza, mwalimu anaongea na yeye haelewi, anaijua hisia hiyo ya kugeuka mjinga kwa usiku mmoja. Na Aktiki inapata joto karibu mara 4 kuliko wastani wa dunia, hivyo barafu ya bahari, ambayo ndiyo njia ya kwenda kuwinda, haiaminiki kama ilivyokuwa kwa babu.

Kufikia hapa msomaji anaweza kudhani kila kijiji cha wenyeji asilia ni kilio. Huo ni upotoshaji mwingine, na kwangu ndio mbaya kuliko wa giza, kwa sababu unawahukumu watoto kwa damu yao.

Watafiti wawili, Michael Chandler na Christopher Lalonde, walichapisha mwaka 1998 utafiti kuhusu jamii karibu 200 za Mataifa ya Kwanza katika jimbo la British Columbia. Walihesabu vifo vya vijana waliojiua kuanzia 1987 hadi 1992. Jimbo zima, kiwango kilikuwa cha kutisha. Walipoangalia jamii mojamoja, wakakuta zaidi ya nusu hazikupoteza kijana hata mmoja kwa njia hiyo. Vifo vilirundikana katika jamii chache.

Tofauti ilikuwa wapi? Waliangalia mambo sita: jamii kudai ardhi yake, kujitawala, kusimamia shule zake, huduma zake za afya, polisi na zimamoto wake, na kuwa na mahali pa kuendeshea mila zake. Jamii zilizokuwa na yote sita hazikuwa na kifo hata kimoja cha kijana cha aina hiyo katika miaka ile. Zisizokuwa na hata moja zilikuwa na viwango vya juu kabisa. Mwaka 2007 wao na mwenzao Darcy Hallett wakaongeza lugha: palipokuwa na zaidi ya nusu ya watu wanaozungumza lugha yao, vifo vilikuwa vichache mno. Hakuna aliyesema gari la zimamoto linatibu sonona. Nionavyo mimi, kijana anayekulia mahali ambapo shangazi yake ndiye mwalimu mkuu na jirani yake ndiye anayeamua mambo ya zahanati anajiona ana kesho mahali pale. Mwenye kesho hushikilia leo, hata ikiwa chungu. Hizo ndizo mbao za ubavuni nilizozitaja.

Ndiyo maana jitihada zinazoniridhisha zaidi zimeanzia vijijini. Huko Alaska, Marekani, jamii za Wayup'ik, wenyeji asilia wa kule, zimejenga na watafiti mpango unaoitwa Qungasvik, yaani sanduku la zana. Mpango huo haumketishi kijana kumhutubia kuhusu kifo. Unampeleka kwa wazee kufanya mambo ya Kiyup'ik: kujifunza majina ya undugu, kuwinda, kutembea juu ya barafu.

Hilo la barafu linahitaji kutazamwa kwa karibu. Mzee anatangulia na fimbo ndefu yenye ncha. Kila hatua anagonga mbele yake kabla ya kuweka mguu, anasikiliza. Barafu nene ina mlio wake, na nyembamba ina wake. Anamkabidhi kijana fimbo. Kijana anagonga haraka mno. Mzee hamkemei, anasimama tu, naye anarudia polepole. Wakirudi ndani, katika chai, mzee ndipo anaposema kwamba siku nyingine barafu mbovu huwa ndani ya mtu, na kwamba hakuna aibu kusimama na kugonga kabla ya kwenda mbele, wala hakuna aibu kumwita aliye nyuma yako. Kijana tayari ameshalijua hilo kwa mkono na kwa sikio.

Katika Kisiwa cha Baffin, huko Nunavut, kijiji cha Clyde River chenye watu wapatao 1,000 kina shirika lake, Ilisaqsivik, linaloendeshwa na wanakijiji wenyewe na kufundisha washauri nasaha wa Kiinuit wanaofanya kazi kwa Kiinuktitut. Hawa hawaondoki na ndege ya Ijumaa. Igloolik, kijiji kingine cha Nunavut, baada ya kuzika vijana, wenzao walianzisha mwaka 1998 kikundi cha sarakasi, Artcirq, kinachochanganya michezo ya jadi ya Wainuit na sarakasi ya kisasa, nacho kimesafiri kuonyesha nchi za mbali. Sarakasi inaonekana kitu chepesi kwa jambo zito hivi. Lakini mtu anayesimama mabegani mwako anakuhitaji usiyumbe, na kijana aliyejiona hana kazi duniani anahitaji sana kuhitajiwa.

Nisieleweke vibaya. Mwenye sonona kali anahitaji daktari na pengine dawa, kama mwenye kisukari. Kumpeleka kwenye uwindaji na kumnyima matibabu ni kumtelekeza kwa jina la mila. Viongozi wa Wainuit wenyewe wanadai vyote: nyumba, chakula, wataalamu wa kukaa, na lugha.

Limebaki swali moja ambalo watu huliogopa hata huku kwetu: je, nikimuuliza kijana kama anafikiria kujiua, si nitakuwa nimempa wazo? Hapana. Tafiti zimelichunguza hilo mara nyingi na hazikuona kwamba kuuliza kunaongeza hatari. Mara nyingi aliyeulizwa hupata nafuu, kwa kuwa mwishowe kuna mtu ambaye hakugeuza uso. Muulize kwa maneno ya wazi, si kwa mafumbo: "Umekuwa ukifikiria kujiua?" Akisema ndiyo, usimhubirie wala usimtajie aibu ya ukoo. Kaa naye, mwombe akueleze, usimwache peke yake, na mtafute pamoja mtu wa afya. Na kama ni wewe unayesoma huku moyo umekaza, mwambie mtu mmoja leo, hata kwa ujumbe mfupi wa maneno mawili.

Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, kuna simu ya msaada inayoitwa Kamatsiaqtut. Kwa miongo kadhaa wanaoipokea wamekuwa watu wa kujitolea, wakazi wa palepale: mtu ametoka kazini, amekula, amevaa koti lake zito na kwenda kukaa kando ya simu kusubiri ilie. Ikilia, upande wa pili wa anayepiga kuna mtu wa kwao wa kumsikiliza.